Kikao cha ushauri nasaha mkiwa mnatembea msituni: siri ya mteja inalindwaje?

Mshauri_Ngara:

Salaam, wenzangu. Mimi ni mshauri nasaha hapa Nairobi. Nina mteja wa makamo (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) ambaye kwa vikao vitano alikaa mbele yangu akilitazama zulia na kunijibu kwa neno mojamoja. Siku ya kikao cha sita umeme ulikatika, chumba kikawa na joto, tukashuka kununua maji, na katika dakika zile kumi za barabarani alinieleza juu ya kifo cha kaka yake mengi kuliko aliyonieleza majuma yote yaliyotangulia. Tangu siku hiyo nafikiria kumwomba tufanyie vikao nje, katika bustani ya miti ya Arboretamu au msitu wa Karura. Kinachonizuia ni siri: mji huu ni mkubwa, lakini watu wanajuana. Je, kuna anayefanya kazi hii nje, na anailindaje?

Mstaafu_Tanga:

Ndugu mshauri, hayo si mageni. Kwetu mgeni aliyekuja na jambo zito huzungumzia mvua na bei ya mahindi akiwa kitini, na jambo lenyewe hulitoa wakati wa kusindikizwa, mkishaupita ua, nyote mkitazama mbele. Kwa maoni yangu kinachofungua kinywa ni kule kutotazamana, na miti ni ziada njema. Hata Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, ambaye watu humkumbuka kwa kochi alilowalaza wagonjwa wake, alipokutana na mtunzi wa muziki Gustav Mahler mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1910, walizungumza kwa takribani saa nne wakitembea mjini.

Njia_ya_Karura:

Nimekuwa nikiendesha vikao Karura kwa miaka minne sasa, kwa baadhi ya wateja tu, na simtoi mtu nje kabla ya kumwona ofisini angalau mara mbili. Mtu mwenye mawazo ya kujiua, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, namhudumia ndani, mahali ambapo msaada u karibu.

Kuhusu siri, kitakachokusumbua zaidi ni salamu. Kwetu huwezi kumpita mtu unayemfahamu kama mti, na yeye hatakupita bila kuuliza habari za nyumbani na kumtupia mwenzako jicho. Kwa hiyo kabla ya kutoka tunaandika makubaliano: tukikutana na anayemjua mteja, mteja ndiye anayeamua kama tutasimama na nitatambulishwa kwa jina gani, tukikutana na anayenijua mimi, nasalimia kwa ufupi na simtambulishi mtu. Mtu akikaribia kwa nyuma, tunanyamaza hadi apite. Naepuka mwisho wa juma, kwa kuwa njia hujaa wakimbiaji na waendesha baiskeli. Asubuhi ya siku za kazi, katika msitu wenye hekta zipatazo 1,000, mnaweza kutembea kitambo bila kumwona mtu.

Pita njia yenyewe kwanza ukiwa peke yako, na uipime kwa saa. Mimi nina mzunguko mmoja wa dakika 50 unaoishia pale ulipoanzia, na mteja ndiye anayeweka mwendo. Akipunguza hatua ghafla, natega sikio. Siandiki chochote njiani. Naandika nikiwa peke yangu, kabla sijawasha gari. Msimu wa masika, vikao hurudi ofisini bila mjadala. Chakula usibebe, maana kima wa kule hawaheshimu taaluma ya mtu.

Uliza pia mahali penyewe pana maana gani kwa mteja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa hapo Karura walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu, na maandamano ya wanafunzi yakafuata. Mteja wangu mmoja aliniambia tukiwa tayari langoni kwamba mara ya mwisho kufika upande ule alikuwa akikimbia rungu. Tulirudi ofisini siku hiyo, na kosa lilikuwa langu.

Msomaji_Makini:

Naomba tusivuke mipaka ya ushahidi. Utafiti unaonukuliwa sana, wa Gregory Bratman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba waliotembea dakika 90 penye nyasi na miti karibu na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipungukiwa na tabia ya kurudiarudia mawazo mabaya, tofauti na waliotembea kando ya barabara yenye magari mengi. Hata hivyo, hao walikuwa watu wazima wenye afya, na hawakuwa na mshauri. Matembezi yana faida zake, na tiba ni kazi nyingine. Ukimtoza mteja ada ya kikao, hakikisha amepata kikao.

Mama_wa_Wawili:

Mimi nimekuwa mteja wa vikao kama hivyo. Mwanzoni nilihofia kuonekana nikitembea na mwanamume asiye mume wangu, nikaona haya kulisema. Mshauri ndiye aliyeniuliza, na tukakubaliana kutumia benchi moja la Arboretamu lililo wazi lakini mbali na njia. Kuhusu machozi, nilivaa miwani ya jua. Jambo moja sikulitarajia: ofisini kimya kilinibana hadi nikasema lolote ili kukijaza, lakini tukitembea ningeweza kunyamaza hadi kwenye kona inayofuata, na nikaja kusema nilichokusudia.

Mshauri_Ngara:

Nashukuru. Nilikuwa nimekwisha kuchagua njia na siku, na sasa naona kwamba mteja mwenyewe sijamwuliza kama anataka kutoka. Tunaonana Alhamisi, ofisini.