Debian 7 yenye OpenSSL 1.0.1e: Heartbleed imezibwa au bado?

kamba_nane
Wakuu, kuna seva ya Debian 7, inaendesha nginx (seva ya wavuti) na Dovecot (seva ya barua pepe). `openssl version` inatoa 1.0.1e ya OpenSSL (maktaba ya TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano), na Heartbleed (CVE-2014-0160), tundu linalovujisha kumbukumbu ya seva, inagusa 1.0.1 hadi 1.0.1f. Vyanzo vya apt (kisakinishi cha vifurushi) vimekufa siku nyingi. Nitajuaje kama tundu lipo? Na likiwepo, kusasisha tu kunatosha? Cheti kinahuishwa kila mwaka, ila ufunguo wa siri ni uleule wa 2013.

Fundi Waya
1.0.1e ina tundu, hilo halina mjadala. Shusha 1.0.1g, kompaili, maliza.

mlinda_lango
Lina mjadala, mkuu. Debian kwa kawaida hawapandishi herufi ya toleo, wanachomeka kiraka ndani ya toleo lilelile. Angalia kifurushi chenyewe:

`dpkg -l libssl1.0.0`

Ukiona 1.0.1e-2+deb7u5 au zaidi, Heartbleed imezibwa. Chini ya hapo uko wazi. Na ukikompaili kwa mkono, 1.0.1g itakaa /usr/local huku nginx ikiendelea kutumia maktaba ya zamani iliyo /usr/lib. Utaona "1.0.1g" kwenye terminali ukalale usingizi wa pono, na tundu liko palepale.

kamba_nane
Inatoa deb7u4.

mlinda_lango
Basi iko wazi. Elekeza sources.list kwenye archive.debian.org, kisha:

`apt-get -o Acquire::Check-Valid-Until=false update`
`apt-get install libssl1.0.0 openssl`

Bila hiyo Check-Valid-Until, apt inaweza kuyakataa mafaili ya orodha kwa kuwa tarehe zake zimepita.

bi_kriptografia
Kuhusu ufunguo: badilisha, usibahatishe. Ujumbe wa "heartbeat" (wa kupima kama muunganisho wa TLS bado uko hai) una baiti 1 ya aina, baiti 2 za urefu, halafu mzigo wenyewe na angalau baiti 16 za kujazia. Mshambuliaji anatuma mzigo wa baiti 1 lakini kwenye urefu anaandika 65535. OpenSSL ilikuwa inaamini namba hiyo bila kuilinganisha na urefu halisi wa rekodi iliyopokelewa, inaita memcpy (amri ya kunakili kumbukumbu), na kumrudishia karibu KB 64 za chochote kilicholala jirani kwenye kumbukumbu: nywila, vidakuzi, hata vipande vya ufunguo. Kwa RSA ya biti 2048, kila moja ya namba tasa mbili za ufunguo ni baiti 128. Anachukua kila baiti 128 mfululizo na kujaribu kama zinagawanya modulasi ya cheti (zao la namba hizo mbili) bila baki. Moja ikikubali, ufunguo wote ni wake.

Na usihangaike kutafuta dalili kwenye logi za nginx. Haya yanatokea ndani ya TLS, kabla ombi la HTTP halijazaliwa.

Kuhuisha cheti kwa ufunguo uleule ni kubadilisha mlango na kubakiza kitasa. Tengeneza mpya:

`openssl req -new -newkey rsa:2048 -nodes -keyout mpya.key -out mpya.csr`

Cheti kipya kikishawekwa, omba cha zamani kibatilishwe. Nywila na vikao vya watumiaji viwe mwisho kabisa. Ukibadilisha nywila kabla ya kuziba tundu, unamgawia mpya pia.

kamba_nane
Nimesasisha, nimefanya `nginx -s reload`. Lakini `lsof -n | grep DEL | grep libssl` bado inaleta mistari 4, yote nginx.

mlinda_lango
Reload haisaidii hapa. Mchakato mama wa nginx haufi, unazaa watoto wapya wakiwa na maktaba ileile aliyonayo yeye. DEL maana yake faili limefutwa diskini ila bado liko kwenye kumbukumbu. `service nginx stop`, kisha `start`. Dovecot vilevile. Rudia lsof mpaka isitoe kitu, ndipo utengeneze ufunguo.

Fundi Waya
Nimekubali kuhusu herufi. SSH je?

bi_kriptografia
OpenSSH haitumii TLS, kwa hiyo haiguswi moja kwa moja. Ila nywila ya SSH ikiwa ndiyo hiyohiyo ya barua pepe, ibadilishe, Dovecot ilikuwa wazi.

Na hiyo Debian 7 ihamishwe jamani. LTS yake (masasisho ya usalama ya muda mrefu) iliisha Mei 2018, na Heartbleed siyo tundu pekee lililomo humo.