Wauza rimu na mafundi wa kushusha gari hapa Dar, hivi mnajua mnachokifanya?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimekasirika, mwenye haraka apite tu. Jina la duka sitaji kwa sababu suala lao na mimi halijaisha, na nikitaja moja nitakuwa nimewasafisha wengine wanaofanya upuuzi uleule.

Nina Honda Fit ya kizazi cha kwanza, GD1, injini ya 1.3. Nilitaka rimu nzuri na gari lishuke kidogo, vidole viwili vibaki kati ya tairi na fenda, basi. Nikaenda duka linalojitangaza kuwa linafanya yote: rimu, tairi, kushusha, kila kitu chini ya paa moja. Nikamweleza muuzaji gari ni gani, limevaa tairi za 175/65R14 (upana milimita 175, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 14), na kwamba ni gari la kazi. Asubuhi linapeleka watoto shule, mchana liko na mimi kwenye mihangaiko, wikiendi linaenda Bagamoyo kwa wazazi. Jamaa akaniuliza swali moja: "Kaka, unataka inchi ngapi?"

Mpaka hela inatoka mfukoni hilo ndilo swali pekee nililoulizwa. Inchi ngapi. Hapa mjini rimu inauzwa kama kiatu, namba moja umemaliza, vaa uende.

Mimi ndiye niliyemuuliza ofseti. Akacheka. "Kaka, hizi zinaingia Fit, zinaingia IST, zinaingia Vitz, Demio, zote zinaingia, sisi tunafunga kila siku." Na kweli zinaingia, kwa maana ya kwamba tundu nne zinakutana na bolti nne. Magari hayo yote ni 4x100, yaani bolti nne zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Hata Nissan March K12 ni 4x100, lakini nati ya Fit jaribu kuifunga kwenye March uone, meno yake ya ndani ni mengine kabisa: Honda, Toyota na Mazda hizo jino hadi jino ni milimita 1.5, Nissan ni 1.25. Kwa hiyo "zinaingia" haijanijibu kitu.

Ofseti, kwa wale wasioijua, ni umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na pale rimu inapogusa habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba bolti. Namba ikiwa kubwa, rimu inazama ndani ya gari. Ikiwa ndogo, inachomoza nje. Rimu za kiwandani za Fit yangu ni inchi 14, upana 5.5J (yaani inchi 5.5), ofseti 45. Nilichofungiwa ni inchi 17, upana 7J, ofseti 35. Namba zimechongwa nyuma ya rimu, wao hawakuzisoma, nimezisoma mimi nyumbani kwa tochi ya simu baada ya gari kuanza kulia kila nikikata kona.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua upana wa rimu kwa inchi, zidisha kwa 25.4, gawa kwa mbili, toa ofseti. Hapo unapata rimu imetoka nje kiasi gani. Ya kiwandani ni milimita kama 25, hii mpya ni 54. Tofauti ni milimita 29. Karibu sentimita tatu nje, kila upande! Badala ya kutoa, jumlisha ofseti, unapata upande wa ndani: huko nako imeingia milimita 9 zaidi, kuelekea kwenye shokapu. Halafu gari hilohilo ndilo unalishusha. Tairi itaacha kukutana na fenda kwa miujiza gani?

Nikarudi dukani. Jibu la kwanza la fundi: "Tutaikunja fenda kwa nyundo kidogo." Nikakataa, rangi ya gari langu ni ya kiwandani na fenda ikipigwa nyundo bila kupashwa moto rangi inapasuka, mwaka mmoja wa chumvi ya bahari hii unaona kutu. Jibu la pili, na hili ndilo lililonitoa usingizini nikaja kuandika hapa: "Basi kaka, usipakize watu siti ya nyuma."

Jamani. Gari la watu watano. Nimewaambia siku ya kwanza, kwa mdomo wangu, kwamba lina kazi ya kubeba watoto. Yaani suluhisho la kitaalamu ni mimi niwaache watoto kituoni ili rimu zao zipate nafasi?

Tuje kwenye springi. Tulikubaliana springi fupi za kushushia, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya gari husika, lishuke kama sentimita tatu. Kwenye karatasi yao wameandika "kushusha gari", mstari mmoja, bei mbele yake. Nilipofungua tairi kutafuta kelele inatoka wapi nikakuta springi zangu zilezile za kiwandani, zimekatwa kwa grenda. Hata kingo hazijasuguliwa. Nimelipia springi, nimepewa ukataji.

Na usije hapa kuniambia "kukata springi hakuna shida, mbona mimi nimekata". Springi ugumu wake unatokana na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Ukikata mizunguko miwili kwenye sita, ugumu unapanda kwa nusu nzima. Shokapu yako haijui kwamba umekata chochote, iliundwa kwa ajili ya springi laini, sasa inapambana na springi ngumu, na inafanyia kazi chini kabisa ya safari yake, karibu na raba ya kugotea. Ndiyo ile gari inaruka-ruka kwenye lami nzuri kabisa. Siku si nyingi shokapu inavuja mafuta, unaambiwa "shokapu za Dubai sio nzuri, nunua nyingine".

Kwa Fit lipo jingine. Nyuma hakuna springi iliyovishwa kwenye shokapu kama mbele. Ina mhimili mmoja, na springi imekaa peke yake kwenye kikombe, shokapu iko pembeni. Springi ya kiwandani ina urefu wa kutosha kubanwa muda wote, hata gari likining'inia kwenye jeki. Iliyokatwa nimeinua gari kwa jeki nikaishika kwa mkono, inacheza. Yaani nikipita tuta kwa kasi au nikiingia shimoni gurudumu likashuka, kinachoishikilia springi isitoke kwenye kikombe chake ni bahati.

Na mnajua tangi la mafuta la Fit liko wapi? Chini ya siti za mbele. Ndiyo sababu siti za nyuma zinakunjwa hadi kwenye sakafu na unapakia friji humo. Ni ubunifu mzuri sana wa Honda, lakini maana yake ni kwamba ukilishusha ovyo, kinachokwenda kusalimiana na tuta katikati ya gari ni sehemu ileile lilipo tangi. Na matuta yetu ya mitaani mnayajua. Nenda Goba, nenda Kinyerezi, nenda Mbezi kwa ndani, kuna matuta wananchi wamejijengea wenyewe kwa zege na mawe baada ya kuchoshwa na bodaboda. Hayana kipimo chochote. Mtu anayeishi na kufanya kazi Dar anaposhusha gari la mteja bila hata kuuliza mteja anakaa wapi, huyo ni fundi au mkata vyuma?

Alaimenti hawakupima. Ukishusha gari la aina hii pembe za magurudumu zinabadilika, lazima upeleke kwenye mashine urekebishe, la sivyo tairi zinaliwa upande wa ndani ambako huoni mpaka nyuzi zitokeze. Zangu za mbele zimeshaanza. Kwa kuwa tairi waliyoweka ni 205/40R17, ukuta wake ni milimita 82 tu, wakati wa ile ya zamani ulikuwa karibu 114. Mto wa hewa umepungua sentimita tatu, springi imekuwa ngumu, na barabara ni hizihizi. Rimu moja imeshapinda mdomo.

Sasa nije kwenye lililonitisha. Yote ya juu ni hasara, hili ni uhai.

Kuanzia spidi ya 80 usukani ulikuwa unatetemeka. Nikaambiwa ni balansi. Wakabalansi, ukatetemeka vilevile. Sababu ni tundu la kati la rimu. Habu ya Fit ina kipenyo cha milimita 56.1. Rimu hizi, kwa kuwa zimetengenezwa ziingie kila gari, zina tundu la 73.1. Kuna uwazi wa milimita nane na nusu kuzunguka pande zote. Zinatakiwa kuwekwa ringi za katikati, za plastiki au alumini, kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na rimu, zinaziba uwazi huo na kuiweka rimu sawasawa wakati unafunga. Muuzaji nilipomtajia ringi akadhani nazungumzia ringi za pistoni.

Na nati. Nati za kiwandani za Honda zina kitako cha mviringo, kama sehemu ya mpira. Rimu za kununua karibu zote tundu zake zimechongwa kwa nati ya koni, yenye pembe ya nyuzi 60. Ukiweka nati ya mviringo kwenye tundu la koni, zinagusana kwenye mstari mwembamba tu, unakaza mpaka spana inagoma unaona imekaza, kumbe haijakaa. Ikitembea inalegea. Nilikuwa Bagamoyo Road, nimeshapita Tegeta, nikasikia kelele ya kukoroma upande wa kushoto. Nikasimama pembeni. Nati tatu kati ya nne za tairi ya mbele nilizungusha kwa vidole. Kwa vidole, wakuu! Nyuma nina mke na watoto wawili.

Seti ya nati za koni iko kila duka la spea Gerezani. Haifiki hata robo ya bei ya tairi moja. Wenye Toyota nanyi muwe macho, rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye washa bapa, hiyo nayo ukiihamishia kwenye rimu ya koni ni balaa lilelile.

Stika nazo. Rimu zimebandikwa "TE37". TE37 halisi ya Rays, kampuni ya Japani, ni rimu ya kufuliwa, yaani chuma chake kimegandamizwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, na hiyo 37 inatokana na uzito wa ile ya inchi 15, upana wa 6J: kilo 3.7. Hizi zangu kuinua moja unajiuliza kama kuna mtu ndani. Alama ya JWL, ambayo ndiyo kiwango cha Japani cha rimu za aloi, haipo popote. Sina ugomvi na mtu anayeuza nakala, mfuko wa kila mtu anaujua mwenyewe. Ila sema ni nakala, na bei iwe ya nakala.

Nimeona mtu kashaandika hapo chini "ungeuliza kabla ya kununua". Soma tena, niliuliza. Mwingine anasema "mali ikishauzwa hairudishwi, si kimeandikwa ukutani?" Ukuta sio sheria. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214: mnunuzi akimweleza muuzaji anachokihitaji na kwa kazi gani, akategemea utaalamu wa huyo muuzaji, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Nimewaeleza gari, nimewaeleza kazi yake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo nilipoidai nikaambiwa mashine mbovu, kila siku mashine ni mbovu. Nimewapa barua, nakala inaenda Tume ya Ushindani. Na trafiki akinisimamisha kwa tairi zilizochomoza nje ya fenda faini ni yangu, muuzaji hataandikiwa.

Na wale wa "ndiyo maana tunawaambia acheni kuchezea magari", hapana. Gari likishushwa vizuri linashika kona vizuri na linapendeza, nimeziona Fit na Starlet za watu zimetulia mpaka unatamani. Kinachonichosha ni kwamba wenye magari hayo wote wamejifunza wenyewe, wameagiza wenyewe, wamesimamia wenyewe, wakati maduka yamejaa mji mzima.

Mimi nimerudisha springi nzima na sasa natafuta rimu za inchi 15, upana 6J, ofseti 45, tairi 185/55R15. Kipenyo kinakuwa karibu sawa kabisa na 175/65R14, rimu inatoka nje milimita sita tu, na ni saizi ya tairi iliyokuja kiwandani kwenye baadhi ya Fit. Springi fupi nitanunua mwenyewe na nitakaa pembeni ya fundi mpaka afunge ya mwisho. Mwenye fundi wa uhakika, anayetumia spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati na anayekubali kutazamwa akifanya kazi, aniwekee hapa anapatikana maeneo gani.

Hizo za inchi 17 zikigoma kurudi dukani nitaziuza. 7J, ofseti 35, 4x100 na 4x114.3, tundu la kati 73.1, nati za koni, moja imepinda mdomo, sio TE37. Mwenye Fit asinitafute.