Safari ya zawadi ya kampuni Zanzibar: kijijini tunakwenda kufanya nini hasa?

Msaka_Mauzo:
Wakuu, salaam. Kampuni yetu inauza saruji. Kila mwaka wauzaji waliovuka lengo wanapelekwa kutembea, na safari hii ni Zanzibar, watu 40, siku tatu. Nimetupiwa kwenye kamati. Bosi karudi semina na msemo mpya: "safari iguse jamii". Mezani kuna (a) mashamba ya viungo, Kizimbani na Dole, (b) kituo cha yatima, tunapeleka mchele na mafuta ya kula, tunapiga picha, (c) akina mama wa mwani Paje, (d) watu wapumzike Nungwi, wale samaki, basi. Mimi niko (d). Mtu kasaga lami mwaka mzima kwenye jua la Dodoma na Singida, leo umwambie akagusie jamii? Nishawishini.

Kidume_cha_Tegeta:
(d) bila mjadala. Zawadi ni zawadi. Mkinipeleka kuvuna mwani, mwakani lengo silifikii makusudi.

Bi_Mkubwa_HR:
Nimepanga safari za aina hii kwa miaka, niseme kidogo. Kulala ufukweni kila mtu anaweza kujilipia. Safari ya kampuni inatakiwa impe mtu kitu ambacho hela yake mwenyewe isingempatia, na kwa hilo bosi wako ana hoja. Ila (b) ifuteni leo. Watoto wanatolewa darasani, wanapangwa mbele ya magunia, wanaimba. Kituo kimoja niliwahi kwenda, mtoto akanivuta sketi akauliza, "Leo nyie ni wa ngapi?" Tulikuwa kundi la pili kabla ya saa sita mchana. Na picha za watoto mnazopeleka kwenye kurasa za kampuni, idhini kawapa nani?

Hiyo (a) nayo ni vichekesho tu. Kijana anakwea mnazi huku anaimba, mnavishwa mataji na tai za makuti kama wafalme wa mchongo, mwisho mnauziwa pakiti za viungo. Ile si jamii, ni maigizo. Jaribuni (c), lakini kwa akili.

Mtembezaji_wa_Dole:
Bi Mkubwa, asante kwa kutuita vichekesho. Mie ndie ninaesuka hizo tai.

Nikwambie inavyokwenda. Ukuti uwe mchanga, ukikomaa unakatika. Naufunua, nakunja, napitisha, huku namueleza mgeni tofauti ya mdalasini na mchaichai, kwa lugha yake. Babu yangu alisuka makuti ya kuezekea, hakuna aliemwita muigizaji. Mie nasuka tai kwa sababu ndizo zinazonunuliwa. Siku mkaguzi akija ofisini kwenu nyinyi hamuigizi? Mafaili hayapangwi? Bosi hachekewi?

Pale Kidichi pana hamamu ya Seyyid Said ya mwaka 1850, nawapeleka wafanyakazi wa makampuni, wananiuliza intaneti inashika wapi. Sasa muigizaji nani hapo?

Bi_Mkubwa_HR:
Kaka yangu, sikukusema wewe, nimesema mpangilio.

Mtembezaji_wa_Dole:
Mpangilio ndio mie. Hakuna mwengine pale.

Ngosha_Mtulivu:
Mtembezaji kamjibu vizuri, ila hajasema hela inakwenda wapi. Kampuni inamlipa wakala wa mjini, wakala anakata chake, dereva anakata, mwenye shamba anabaki na nini? Jibu hilo kwanza.
Halafu jamani, mtu ukifika Unguja usione karafuu, umeenda kufanya nini? Si ndiko zinakotoka?

Yakhe_wa_Wete:
Karafuu zinatoka wapi?
Rudia nikusikie.

Ngosha_Mtulivu:
Unguja. Zanzibar. Tofauti iko wapi mkuu?

Yakhe_wa_Wete:
Subhanallah. Tofauti ni bahari nzima, yakhe. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo anaebeba jina la karafuu ni Pemba. Huko Dole mnaonyeshwa mikarafuu miwili mitatu ya kupigia picha. Njooni Wete msimu wa mavuno mkaone majamvi yametandazwa mbele ya kila nyumba, karafuu zinaanikwa, harufu inaingia mpaka kwenye chai. Usiku watu wamekaa barazani wanachambua, karafuu kando, makonyo, vile vikonyo vyake, kando. Na makonyo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yanakamuliwa mafuta. Mnunuzi wa karafuu ni mmoja tu, ZSTC, shirika la serikali.
Halafu mgeni akiuliza, anapelekwa Kizimbani! Jasho letu, picha zenu.

Mtembezaji_wa_Dole:
Yakhe, nani kakukataza kufungua shamba la wageni Pemba? Siye tumejitahidi.

Kidume_cha_Tegeta:
Wapemba bwana. Kariakoo maduka nusu yenu, Manzese yenu, kwenu hata hoteli za kuhesabia vidole hamjengi, halafu mnalialia mtandaoni kwamba wageni hawaji 😂

Yakhe_wa_Wete:
Wewe umeomba ulipiwe samaki na muajiri wako, leo wanisomesha mie biashara? Hilo duka la Kariakoo alilianzisha ami yangu kwa kulala juu ya magunia. Kwenu Tegeta umefungua nini zaidi ya mdomo?

Kidume_cha_Tegeta:
Povu hilo 😂😂 Nina haki ya kuuliza.

Yakhe_wa_Wete:
Hukuuliza. Ulitukana, kisha ukaweka vicheko.

Mzee_wa_Busara_Moro:
Vijana, tumetoka Paje, tukapita Dole, sasa tuko Kariakoo. Mwenye uzi bado yupo?

Msaka_Mauzo:
Nipo mzee wangu, nasoma tu. Nilichopata mpaka sasa ni kwamba yatima hapana. Bosi kauliza tena, kama si yatima, basi tutoe mifuko ya saruji kwa skuli ya kijijini, na ile hundi kubwa ya boksi. Kwa mwani nani anajua?

Binti_wa_Jambiani:
Mwani naujua, mama yangu analima. Kilimo hichi cha biashara kilianza kwetu upande wa Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo walio wengi ni wanawake.

Nawaomba msome hili vizuri. Mwani hauendi kwa ratiba ya hoteli, unakwenda kwa maji. Mama anashuka shambani siku za bamvua, maji yakipwa sana, pengine alfajiri, pengine mchana wa jua kali. Anakagua vijiti, anafunga mbegu kwenye kamba, anavuna iliyokomaa, anabeba kwa kichwa mpaka juu. Maji yakirudi, kazi imekwisha. Sasa kundi la ofisi moja kutoka Dar lilikuja saa kumi jioni, maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Kiongozi wao akamuomba mama ashike fungu la mwani mkavu uliokuwa umeanikwa, aingie nao majini mpaka magotini, apigwe picha "akivuna". Mwani mkavu! Umeshaanikwa siku ngapi, anaambiwa aurudishe chumvini. Mama alicheka kwa adabu, akashika, akaingia. Fungu lile ilibidi alianike upya. Wakamwachia fulana.

Ile aina ya bei nzuri, kotoni, inakufa kwa sababu maji ya pwani yamekuwa ya moto. Iliyobaki ni spinosamu, ya bei ya chini. Upande mwengine wale wa kuruka na matiara ya upepo wanataka maji hayohayo. Kwa hiyo mkija kuuliza "utamaduni wenu ni upi", mama atawajibu kwa heshima, lakini kichwani anahesabu saa za maji.

Kidume_cha_Tegeta:
Hiyo ya mwani mkavu imeniuma, nakiri. Pole kwa mama.
Ila kama lazima utamaduni, tupelekeni Makunduchi Julai, Mwaka Kogwa, watu wanachapana kwa mabua ya migomba na kuyamaliza ya mwaka mzima. Mimi na meneja wangu wa kanda tuna hesabu.

Mtembezaji_wa_Dole:
Makunduchi wanachapana Kusini na Kaskazini, wenyewe kwa wenyewe. Mgeni unakaribishwa, tena unalishwa, lakini ugomvi wako wa kamisheni usiupeleke kule.

Bi_Mkubwa_HR:
Msaka, umesikia. Kwanza uliza bamvua iko tarehe ngapi, ndipo ukate tiketi za boti. Kikundi kiwe kidogo, watu 40 kwenye kamba za mwani wanakanyaga mbegu. Gawa mara nne. Malipo yawe bei waliyosema wao, kabla hamjafika, na siku hiyo mlipe kama kibarua kilichopotea. Wanaotaka kubaki hotelini wabaki, asilazimishwe mtu. Hundi ya boksi iacheni Dar.

Binti_wa_Jambiani:
Na mpitie kwa sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini. Msitokee tu na basi.

Mhasibu_Mchovu:
Nimesoma yote kimya. Sasa mimi ndiye nitakayekaa na mafaili. Mama wa Jambiani analipwa, sawa. Risiti iko wapi? Mkaguzi akiona malipo ya watu kumi na mbili kwenye karatasi ya daftari yenye dole gumba, anayafuta, na kodi inanirudia mimi. Mnadhani kwa nini makampuni yanapitia kwa wakala? Si kwa sababu tunampenda. Anatoa risiti ya mashine.

Ngosha_Mtulivu:
Hapo ndipo nilipouliza tangu mwanzo hela inakwenda wapi! Inakwenda kwa mwenye mashine ya risiti.

Mtembezaji_wa_Dole:
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Ngosha. Mie nikilipwa moja kwa moja nasuka tai na sitaki bakhshishi.

Binti_wa_Jambiani:
Kuna vikundi vya ushirika vimesajiliwa, vina akaunti benki, vingine vinatengeneza sabuni za mwani. Ulipe kikundi, kitakupa stakabadhi. Si kila mwanamke wa kijijini ni dole gumba, Mhasibu.

Mhasibu_Mchovu:
Nimekosea kusema, dada. Lakini stakabadhi ya mkono bado mkaguzi ataigeuzageuza. Nyie hamumjui yule.

Msaka_Mauzo:
Nimempigia bosi. Tarehe haziwezi kubadilika, hoteli imetoa punguzo kwa tarehe hizo tu. Nikamuuliza jirani yangu wa Zanzibar kuhusu maji, akasema siku hizo ni maji mafu, hayapwi sana.

Binti_wa_Jambiani:
Basi msije kwetu. Nasema kwa wema kabisa. Shamba litakuwa chini ya maji, mama atakuwa nyumbani anasuka ukili wa mikeka. Mkitaka kumlipa asuke ukili na nyinyi mkae mjifunze, hiyo sawa, na ni kazi ya kweli. Mwani hapana.

Kidume_cha_Tegeta:
Kusuka ukili naweza, kivulini.

Yakhe_wa_Wete:
Karafuu hazisubiri bamvua.

Ngosha_Mtulivu:
Yakhe bado upo? 😂

Yakhe_wa_Wete:
Nipo. Nangoja mtu aniombe radhi, lakini naona nitazeeka.

Mhasibu_Mchovu:
Yakhe, samahani, nje kidogo ya mada. Hicho kiwanda cha makonyo cha Wawi, wageni wakiingia wakanunua mafuta, wanapewa risiti?

Yakhe_wa_Wete:
Shirika la serikali hilo, ndugu yangu. Utapewa risiti mpaka utachoka.

Mhasibu_Mchovu:
Msaka, njoo pembeni tuongee. Boti ya Pemba inaondoka siku zipi?