Farasi wakubwa na wale wafupi boma moja, inawezekana?

Kibarua_Ganda:
Salam alaikum wana jamvi. Natunza shamba la ekari tatu huku Ganda, Malindi, la Mtaliano mmoja. Tuna farasi wawili wa kawaida, jike na dume lililohasiwa, sasa juzi tajiri kaleta wengine wawili wale wafupi wa kufika kiunoni, watoto wa jirani wamekuja kuuliza hawa ndama mbona hawana pembe. Tajiri anasema waachie tu pamoja, farasi ni farasi. Mi naogopa bana. Jana asubuhi nimemwaga pumba horini yule jike mkubwa akarusha teke, likapita juu ya sikio la mfupi hivi, na yeye wala hana habari, karudi kula. Nifanyeje na zizi ni moja?

Mwenye_Punda_Shela:
Waalaikum salam. Mimi ni mtu wa punda lakini teke ni teke. Farasi mkubwa ana kilo mia nne mpaka mia tano, huyo wako mfupi labda mia, kwa hiyo teke ambalo mwenzake angelipata ubavuni yeye linampata kichwani. Na si kwamba wanachukiana, ukiangalia utaona ugomvi wote uko kwenye chakula. Usilishe hori moja. Tafuta ubao mmoja tu, upige kwenye kona ya zizi urefu kama mita moja kutoka chini, mfupi atapita chini yake mkubwa atakwama. Chakula cha wafupi weka huko ndani, na akifukuzwa ana pa kukimbilia. Kama wakubwa wana vyuma kwenye kwato za nyuma, vitolewe kwanza.

MamaNgombe_Msabaha:
Na hiyo pumba punguza kwa wafupi!! Wale wananenepa kwa kunusa tu. Wakizidi unene kwato zinauma, unamkuta amesimama kaegemea nyuma hataki kutembea, ukishika kwato ina moto, na wengine hawaponi. Lakini pia usimkatie chakula ghafla eti akonde, akishinda njaa mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu anakufa, punda nao hivyo hivyo. Nyasi kavu kidogo kidogo kutwa nzima. Halafu huku kwetu ni mchanga mtupu, usimwage chini, weka kwenye karai, mchanga ukijaa tumboni ni msokoto wa kukesha nao.

Kibarua_Ganda:
Shukran sana. Swali lingine, kupe tunapulizia dawa ya ng'ombe ya jirani, na mmoja wa wafupi ni dume halijahasiwa, anamsumbua yule jike mkubwa nikasema atafika wapi na ufupi ule 😂

MamaNgombe_Msabaha:
Atafika, jike akisimama bondeni hapo umekwisha. Na kabla hajafika atapigwa teke la kifuani. Mhasi. Hiyo dawa ya kupe soma chupa LEO, ikiwa ni amitrazi usimguse farasi nayo, matumbo yanasimama kufanya kazi. Chakula cha kuku pia wasionje, kuna dawa inawekwa humo ya kuku haiwadhuru, farasi inamuua moyo.

Mwenye_Punda_Shela:
Dawa ya minyoo pia kwa kilo, usigawe bomba moja sawa kwa sawa. Na ukiwa na punda hapo wapewe nao, punda hubeba minyoo ya mapafu kimya kimya, anayekohoa ni farasi. Kwetu Lamu kliniki ya punda ipo tangu 1987, wengi tumejifunzia pale, wewe mtafute daktari wa mifugo wa kaunti huko Malindi akuhasie huyo dume.

Kibarua_Ganda:
Marejesho. Chupa nimesoma, ndiyo hiyo hiyo amitrazi, nimeirudisha kwa mwenyewe. Ubao nimepiga jana jioni. Wafupi wamepita wote wawili bila kuinama sana, jike mkubwa kaingiza kichwa mpaka shingo akabaki anachungulia karai. Sasa tajiri anauliza mlango wa stoo umeenda wapi.