Saa za watoto za "GPS" zinazouzwa mjini: tunaibiwa mchana kweupe

Assalaam alaykum wanajamvi. Nimekuja na hasira leo na sitaificha.

Madukani hapa Unguja zimejaa saa za mkononi za watoto, za pinki na buluu, boksi limeandikwa GPS (kujua mahali kwa setilaiti) kwa herufi kubwa, na muuzaji anakuapia kwa Mungu kuwa mwanao utamuona popote alipo. Nimenunua kwa 120,000, mbali na laini na bando. Binti yangu ana miaka 8. Akitoka skuli anakula, alasiri anakwenda chuoni kusoma Qur'ani, Kiponda ndani ya Mji Mkongwe, na mimi niko kazini Mwanakwerekwe mpaka magharibi. Mtu wa kumfuata njiani sina.

Juzi saa 11 jioni nafungua programu ya saa kwenye simu yangu, kidoti cha kuonesha alipo kiko baharini. Baharini jamani, nje ya bandari ya Malindi! Naipigia saa, haipokei. Miguu ikaniisha nguvu. Nikampigia ustadhi wake, akanijibu, "Mama Ilham, mtoto huyu hapa mbele yangu anasoma."

Nikaivuta ramani karibu. Chini ya kidoti, kwa herufi ndogo za kijivu, imeandikwa LBS. Wazazi, zitafuteni herufi hizo kwenye simu zenu sasa hivi. Maana yake saa haikupata mahali kwa setilaiti. Imeangalia minara ya simu iliyo karibu, ikakisia. Mjini kukisia huko kunakosea kwa mamia ya mita. Shamba na Pemba, ambako minara iko mbalimbali, kunaweza kukosea kwa kilomita kadhaa. Mtu wa Micheweni atakwenda kumtafuta mwanawe kijiji kingine kabisa.

Nikairudisha dukani. Kijana ananiambia, "Dada, hilo tatizo la mtandao." Nikaitoa mpaka viwanja vya Maisara, mbingu wazi, hakuna mti wala ukuta, nikakaa nayo mpaka jua linazama. LBS ile ile. Kifaa chenye GPS ya kweli kikikaa wazi namna hiyo hupata setilaiti ndani ya dakika chache. Hii haina GPS ya kufanya kazi, basi. Wameuza jina.

Nakubali kuwa ndani ya Mji Mkongwe hata GPS ya kweli inahangaika. Setilaiti ziko kilomita 20,000 na zaidi juu, kifaa kinahitaji kuzisikia angalau nne kwa pamoja, na vichochoro vyetu vimebanwa na kuta ndefu za mawe zinazoyakinga mawimbi au kuyagongesha huku na huku kabla hayajafika. Muuzaji anayejua kazi yake angenieleza hayo kabla ya kupokea pesa. Ningejua kwamba kidoti cha Kiponda si cha kukiamini peke yake, na namba ya ustadhi ikae karibu.

Lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Saa hii inaweza kupigiwa kimya kimya, mtoto asijue, na anayepiga akasikia yote yanayosemwa karibu naye. Neno la siri ililotoka nalo kiwandani ni 123456. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Avast ilikuta vifaa vya aina hii kama 600,000 duniani vikitumia neno hilo hilo. Kabla yake, mwaka 2017, baraza la watumiaji la Norway lilionesha kwamba baadhi ya saa za watoto mtu baki anaweza kuziingilia, akamfuatilia mtoto, hata akamfanya mzazi aone mwanawe yuko mahali asipokuwepo. Mwaka huo huo Ujerumani ikapiga marufuku saa za watoto zenye usikilizaji wa siri. Kitu kilichokatazwa huko, kwetu tunawavisha watoto kama zawadi ya Sikukuu, na hakuna anayeuliza! Nimenunua kinga, nikapewa mlango wa watu baki kumfikia mwanangu.

Kwa anayetaka kununua: usitoe shilingi mpaka saa imetolewa nje ya duka, imewekwa laini, na programu imeandika GPS mbele ya macho yako. Neno la siri libadilishwe hapo hapo, likikataa kubadilika iacheni. Ulizeni pia inatuma mahali kila baada ya muda gani, kwa sababu ikituma kila dakika 10, daladala iliyotoka Darajani imeshafika Amani kidoti hakijasogea. Na msikubali kubadilishiwa kwa vile vidude vya duara vya kuning'iniza kwenye funguo, aina ya AirTag. Havina GPS. Vinangoja simu ya mtu mwingine, iPhone, ipite karibu, na huko Kengeja au Makunduchi simu hizo ni za kuhesabu.

Pesa zangu wamekataa kurudisha. Risiti ninayo, boksi ninalo, picha za skrini ninazo, na nazipeleka ZFCC, tume ya Zanzibar ya ushindani wa biashara na kumlinda mtumiaji. Aliyewahi kupeleka lalamiko la kifaa cha umeme pale aniambie walimtaka nini zaidi ya risiti. Na mwenye saa inayoandika GPS kweli akiwa Mji Mkongwe, Chake au Wete, aweke hapa jina la modeli na picha ya skrini yenye saa na tarehe.