Lushoto: nimelipa 35,000 kwa kichwa kulala kwenye mkondo wa maji. Wapenda kupanda milima piteni hapa

Wakuu salaam.

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Leo siku ya nne tangu turudi Dar, hasira iko palepale, basi naandika nayo hivyohivyo. Jina la kambi silitaji, wala msinifuate faragha kuliuliza. Uzi ni mrefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Kabla hamjaanza na "ulitegemea nini porini, hoteli?", niseme kwamba mimi si mgeni wa mahema. Hanang nimepanda kwa njia ya Jorodom, mlima wa mita zaidi ya 3,400, na maji tulibeba mgongoni toka chini kwa sababu njiani hakuna. Sikulalamika hata neno. Niliambiwa hakuna kitu, nikaenda nikakuta hakuna kitu, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Kambi isiyo na umeme wala bafu kwangu ni burudani. Ninachokataa ni kuuziwa vitu ambavyo havipo.

Huyu mwenye kambi aliniandikia hivi kwenye simu, na ujumbe ninao: eneo la hema pembeni kabisa ya njia za kupandia, maji safi ya chemchemi, choo cha shimo kisafi, sehemu ya moto, mlinzi wa usiku na mwongoza njia mzoefu. Bei 35,000 kwa mtu kwa usiku, na hema uje nalo mwenyewe. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji yangu na jamaa mmoja wa kazini. Usiku mbili, 280,000. Mwongoza njia 40,000. Halafu 10,000 kila mtu "ya hifadhi". Jumla 360,000, yote tumetuma kwa simu kabla hatujapanda basi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) nimeiomba mara tatu, mara zote mtandao unasumbua.

Najua pia mtanisema kwa tarehe. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu ya Muungano, katikati ya masika, na hilo nililiuliza. Jibu lake: "Kwetu mvua haisumbui, maji yanatiririka yenyewe." Kumbe alikuwa anasema kweli tupu, sikumwelewa tu.

Toka Mombo ni kona mwanzo mwisho, kilomita 33 hivi hadi Lushoto mjini, halafu bodaboda mpaka pikipiki ziliposhindwa na tope, tukamalizia kwa miguu. Hilo sina neno nalo.

Tukafika saa 11 jioni. "Chemchemi" ni kijito. Juu yake kuna bustani za kabichi na karoti zilizopangwa kwenye mteremko, na wakati tunashusha mizigo kulikuwa na kijana pale juu anasuuza bomba lake la mgongoni la kupulizia dawa. Anasuuza humohumo kwenye kijito. Nikamwonyesha mhudumu wa kambi. Akaniambia, "Chemsheni tu kaka, vijidudu vyote vinakufa."

Vijidudu vinakufa, nakubali. Lakini sumu ya wadudu haifi kwa kuchemshwa, haikuwa hai tangu mwanzo! Ukiichemsha unapata chai ya sumu ya moto. Na vidonge vya kutibu maji navyo kwenye hilo havisaidii. Yule kijana simlaumu sana, hakuna aliyemwambia kwamba chini ya bustani yake kuna watu wameuziwa maji yale kama chemchemi.

Choo sasa. Kipo kweli, shimo na magogo mawili, mlango ni kiroba cha mbolea kilichopasuliwa. Hata hilo ningelimeza. Tatizo ni pale kilipochimbwa. Nilihesabu hatua toka shimoni hadi kijitoni: 14. Na shimo liko juu, kijito kiko chini. Kila aliyewahi kuchimba choo anajua angalau mita 30 toka kwenye maji, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 mbali na kingo za mito na vyanzo vya maji. (Ndiyo, zile bustani nazo zimo humohumo ndani ya 60. Huo ni uzi mwingine.) Mke wangu aliingia mara moja, akatoka, na toka hapo mpaka tunaondoka hakunywa hata kikombe cha chai ili asilazimike kurudi.

Sehemu ya moto ni mafiga matatu na kuni mbichi, fungu 5,000. Tusonge.

Eneo la hema lilikuwa tambarare zuri, mchanga laini, nyasi kidogo. Nilimsifia mhudumu kwamba hapa wamechagua vizuri, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu miaka yote hii ya kulala nje nilipaswa kujiuliza: kwenye mlima ambao watu wanalima hadi kwenye miteremko ya kutisha, kwa nini tambarare hii haina hata mche mmoja wa kabichi?

Mvua ilianza saa 5 usiku. Kufika saa 7 godoro lilikuwa linaelea. Tunahamisha mabegi kwa tochi za simu, shemeji akapiga ukunga, tukadhani nyoka. Siafu. Maji yaliwatoa kwao, wakatafuta pakavu, na pakavu palipobaki ni sisi. Waliowahi kung'atwa na siafu shingoni, gizani, ndani ya hema lenye zipu iliyokwama wananielewa. Mlinzi wa usiku? Tumeita mpaka sauti zikakauka. Alikuwa kwake kijijini amelala. Simu ya mwenye kambi haipatikani.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa nyumba ya jirani, kama mita 300 hivi, alisikia kelele akaja na mumewe, kurunzi na debe la majivu. Akamwaga majivu kutuzunguka, akatumulika mmoja mmoja, halafu akauliza kwa upole tu: "Wanangu, nani kawaambia mlale mkondoni? Hapo hata sisi hatupandi kitu. Mvua ikikaza huko juu, maji yote yanapita hapo."

Nilisisimka kuliko kwa siafu. Desemba 2023 tope lilishuka toka Hanang likaingia Katesh, tukaona wote watu wakizikwa. Na bado kuna mtu anakodisha mkondo wa maji kwa 35,000 kwa kichwa, katikati ya masika, na kuuita eneo la hema.

Tulilala jikoni kwa yule mama, pembeni ya moto. Asubuhi akatupa uji na maji ya bomba la kijiji, maji ya mserereko toka juu kabisa msituni, masafi. Yaani bomba lipo, dakika chache toka kambini, na hakuna aliyetuambia. Hela alikataa katakata, tukamwachia mchele na sukari yetu yote.

Mhudumu akaja saa 3 asubuhi akiwa amepiga mswaki vizuri. Nikamsimulia. Akacheka. "Hiyo ndiyo asili yenyewe, kaka. Wazungu wanalipa dola kwa hayo."

Hapo ndipo nilipochoka. Neno "asili" limekuwa blanketi la kufunikia uvivu. Choo kuhamishwa mita 30 hakupunguzi asili. Kumtuma mtu aje na madumu mawili ya maji ya bomba hakupunguzi asili.

Tulikwenda msituni hata hivyo, maana ndicho kilichotutoa Dar. Getini kwenye hifadhi tukaulizwa malipo. Ile 10,000 ya kila mtu haikuwahi kufika. Wale maofisa hawana kosa, walitutolea namba ya malipo, tukalipa upya, risiti ikatoka palepale. Mwongoza njia mzoefu wa 40,000 alikuwa dogo wa sekondari aliyeamshwa asubuhi ile. Kijana mwenye adabu zake, ila kwenye njia panda ya pili alisimama akaniuliza mimi: "Bro, huwa mnapita wapi?" Alama za rangi kwenye miti zimefutika, na njia za wakata majani ya ng'ombe zinakatiza kila mahali. Tukazunguka saa tatu tukatokea kwenye shamba la viazi la mtu. Nikamuuliza amelipwa shilingi ngapi. 8,000. Tukamwongeza, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekiri kwamba hajui.

Msitu wenyewe, wakuu, ni mzuri mno. Mbega weusi juu ya vichwa vyetu, ukungu unapita kwenye miti kama moshi, mke wangu akakuta kinyonga mwenye pembe kwenye tawi akasahau tumbo lake tupu kwa dakika kumi nzima.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Nikadai 140,000 ya usiku wa pili ambao hatukulala na ile 40,000 ya hifadhi. Majibu ya mwenye kambi: hela ya kuweka nafasi hairudi.

Naomba wenyeji wa Lushoto mnielekeze, malalamiko ya namna hii yanaanzia kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya utalii ya wilaya? Na kama kuna familia upande wa Magamba au Mtae inayopokea wageni wenye mahema, yenye choo na bomba, iandikeni hapa chini. Nitarudi mwezi wa nane, kiangazi.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mwenye kambi kaona uzi. Kapiga simu, kasema nikiufuta atanirudishia nusu. Nimemwambia alete kwanza. Imeingia 70,000. Bado 70,000 na ile 40,000, na uzi upo.