Kuku wananyonyoana manyoya, naomba ushauri

Wakuu habari za jioni. Nafuga chotara 38 hapa nyumbani Mbagala, wana miezi sita na wameanza kutaga mwezi uliopita. Banda ni futi 10 kwa 8, chini nimeweka maranda.

Tatizo lilianza kwa tetea mmoja kunyonyolewa juu ya mkia. Nikapuuza, nikadhani ni jogoo. Juzi asubuhi nimekuta wanne wana vipara mgongoni, mmoja anatoka damu karibu na njia ya haja na wenzake wanamfuata nyuma kama wameona kumbikumbi. Nimemtenga kwenye tenga, nimempaka GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda), anakula vizuri.

Usiku nilipita na tochi kutafuta utitiri, sijaona kitu. Nahisi mchawi ni chakula: dagaa walipanda bei nikapunguza, nikaongeza pumba. Halafu kuna balbu inawaka mpaka saa nne usiku, na jua la mchana linapiga moja kwa moja kwenye viota. Kuanzia jana nimerudisha dagaa na mashudu, nimening'iniza kabichi wadonoe hiyo.

Jirani ananiambia nikate midomo wote. Kwa umri huu naona ni kuwatesa tu, na mayai yatashuka. Aliyewahi kuikomesha tabia hii bila kukata, alifanyaje? Na huyu wa kwenye tenga nimrudishe lini wasimmalize? Kuna tetea mwekundu nimemfuma mara mbili akimeza manyoya, naye nimtoe au nimchinje?